Fundi, Cheti na Saini: Je, Ada ya Chuo cha Umeme Hurudi?

Mwezi huu nimepokea barua tatu zinazouliza jambo moja kwa njia tofauti, nami nimeona nizijibu pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu mwandishi wake ametaja fedha zake bila kuona haya, na swali la namna hii haliwezi kujibiwa bila tarakimu.

SWALI: Ndugu mhariri, pokea salamu kutoka Busia, upande wa Uganda. Mimi ni mama wa watoto watano na ninauza mitumba sokoni. Mwanangu wa kwanza amemaliza kidato cha sita, akapata alama zinazomwezesha kusoma stashahada ya umeme kwa miaka miwili. Ada, malazi na chakula cha chuoni ni shilingi 1,100,000 kwa muhula, na mihula ni minne. Vifaa, nauli na gharama za mafunzo ya kazini nimezikadiria kuwa 1,600,000 kwa jumla. Ili nizipate fedha hizo itanilazimu kuuza shamba dogo nililoachiwa na marehemu baba yangu. Shemeji yangu, ambaye ni fundi umeme tangu ujana wake na hakuwahi kukanyaga chuo, anasema ni upuuzi kuuza ardhi ili kununua karatasi. Yuko tayari kumchukua kijana hata kesho asubuhi, amfundishe bure na kumpa 10,000 kwa kila siku ya kazi, na kazi huwa siku nne kwa wiki. Shemeji ana nyumba ya matofali na pikipiki, kwa hiyo sina la kumbishia. Kero yake ni moja tu: nyumba mpya inapotaka kuunganishiwa umeme yeye hupeleka fomu kwa bwana mmoja mjini ili aitie saini, na kila saini humtoa 50,000, kwa mwezi huwa fomu mbili. Tena juzi shule moja ilimnyima kazi ya bweni kwa kuwa hana kibali. Je, niuze shamba? — Mama wa Watano, Busia

JIBU: Mama, pole kwa mzigo huo wa mawazo. Shemeji yako si mpuuzi, wala hajakosea katika yote aliyosema, kwa maana mtu aliyejijengea nyumba kwa bisibisi na koleo ana haki ya kuuliza karatasi itamwongezea nini mtoto wa kaka yake. Lakini mwishoni mwa barua yako umeeleza habari ya saini kana kwamba ni jambo dogo la kupitia tu, nami naona ndilo lililobeba nusu ya jibu. Nitalifikia. Kwanza tuhesabu.

Mihula minne ya 1,100,000 ni 4,400,000, na ukiongeza 1,600,000 unapata 6,000,000. Hapo wazazi wengi huweka kalamu chini, kumbe hesabu haijaisha, kwa sababu kijana anapokuwa darasani hayuko kazini kwa baba yake mdogo, na kila wiki zinampita shilingi 40,000 ambazo angezipokea mkononi. Tukichukua wiki 48 za kazi kwa mwaka, zinazompita ni 1,920,000, na kwa miaka miwili ni 3,840,000. Gharama halisi ya stashahada hiyo, kwa nyumba yako wewe, ni 9,840,000. Tuseme milioni kumi kasoro kidogo.

Sasa tuangalie zinavyoweza kurudi. Tuchukue kwamba kijana amehitimu na kiwanda kimoja cha Jinja au Mukono kimemwajiri katika idara ya matengenezo kwa mshahara wa 600,000 kwa mwezi. Huo ni mfano wangu tu, si ahadi ya mtu yeyote. Kwa viwango vya kodi ya mshahara vilivyoanza kutumika 2012, ambavyo huanza kukata pale mshahara unapovuka 235,000, kodi yake itakuwa 82,000; mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, utachukua asilimia 5, yaani 30,000; atabaki na 488,000. Msaidizi wa shemeji yako, kwa zile 1,920,000 za mwaka, hupata 160,000 kwa mwezi. Tofauti ni 328,000, lakini msaidizi analala kwako na kula kwako, wakati mwajiriwa atapanga chumba na kununua chakula. Tukitoa 200,000 kwa ajili hiyo, inabaki 128,000. Kwa upande mwingine mwajiri naye analazimika kumchangia NSSF asilimia 10, yaani 60,000, ambayo pamoja na ile 30,000 yake ni akiba ya 90,000 kila mwezi. Basi faida ya kweli ya chuo ni 218,000 kwa mwezi, yaani karibu 2,600,000 kwa mwaka, na milioni kumi zako zitarudi baada ya miaka minne hivi. Si vibaya hata kidogo.

Lakini badilisha tarakimu moja tu, uone. Kiwanda hichohicho kikisema kitamlipa 400,000, kodi itakuwa 23,000 na NSSF 20,000, atabaki na 357,000. Toa zile 160,000, toa na 200,000 za chumba na chakula, utakuta kijana amepungukiwa na 3,000 kuliko mwenzake aliyebaki Busia, na kinachomwokoa ni akiba ya NSSF ya 60,000 peke yake. Kwa mwendo huo, gharama ya chuo itarudi baada ya miaka zaidi ya 14. Na usitegemee sheria kumkinga, kwa kuwa kima cha chini cha mshahara nchini Uganda bado ni kile kilichowekwa 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, kiasi ambacho leo hakimtoshi mtu kula siku mbili hotelini. Mshahara wa fundi hutegemea anavyojua kupatana na kile anachoweza kukifanya ambacho aliyesimama nyuma yake kwenye foleni hakiwezi.

Kwa hiyo anayekuambia kwamba stashahada ya umeme inalipa, na anayekuambia hailipi, wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Swali ni kijana atafanya nini nayo. Hapa ndipo saini inapoingia.

Kwa mujibu wa Sheria ya Umeme ya 1999, kazi ya kufunga umeme ndani ya jengo hufanywa na mwenye kibali kinachotolewa na mamlaka ya udhibiti wa umeme, ERA, na vibali hivyo vina madaraja kulingana na ukubwa wa kazi anayoruhusiwa mtu kuifanya. Nyumba haiunganishiwi umeme mpaka mwenye kibali athibitishe kwamba nyaya zake ziko salama. Sharti hilo halikubadilika wakati usambazaji ulipokuwa mikononi mwa kampuni ya binafsi iitwayo Umeme, wala halikubadilika kampuni ya serikali, UEDCL, ilipochukua kazi hiyo tarehe 1 Aprili 2025. Shemeji yako anafunga nyaya mwenyewe, jasho ni lake, ngazi ni yake, ila fomu anampelekea mtu mwingine ambaye, nadhani utakubaliana nami, mara nyingi hata nyumba yenyewe hajaiona. Kwa fomu mbili kila mwezi anatoa 100,000, na kwa mwaka 1,200,000. Hiyo ndiyo bei ya karatasi anayoiita ya upuuzi. Anainunua kila mwezi kwa vipande, na haitakuwa yake kamwe. Ukiongeza na hatari, hali inakuwa mbaya zaidi, maana nyumba ikishika moto aliyesaini ataulizwa kwa nini alithibitisha asichokiona, na aliyefunga ataulizwa alifunga kwa ruhusa ya nani.

Nikiri hata hivyo kwamba 1,200,000 kwa mwaka peke yake ingechukua zaidi ya miaka minane kurudisha milioni kumi. Kinachobadilisha hesabu ni kazi zilizomkataa, kama lile bweni. Shule, vituo vya afya, makanisa, mashirika na kampuni za ujenzi hawatoi kazi kwa mtu asiye na kibali, kwa sababu wao nao wana wakaguzi wao. Fundi wa mtaani hazioni kazi hizo hata kidogo, na kwa vile hazioni, hazihesabu kuwa ni hasara. Mwulize shemeji yako, kwa upole, angebakiwa na kiasi gani mkononi kwa kazi ya lile bweni. Jibu lake litakusaidia kuliko makala yangu.

Kuna jambo la pili ambalo chuo huleta, nalo ni gumu kulipimia bei. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kinu cha kusagia mahindi nje kidogo ya Mbale, siku ambayo mota yake ilikuwa imeungua kwa mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Fundi mzee aliyeisuka mara mbili za kwanza alikuwa ameshaifungua. Alikaa juu ya kigunia, akawa anahesabu mizunguko ya waya wa shaba kwa kucha kabla ya kuukata, bila kuandika popote, na hakukosea. Mikono ile hakuna chuo kitakachokupa. Harufu ya vanishi iliyoungua ilikuwa imejaa chumba kizima kuliko harufu ya unga. Akaja kijana aliyekuwa amehitimu stashahada mwaka uleule, akainama, akaangalia nyaya kwa tochi ya simu, akauliza kwa nini baadhi ya makundi ya waya yalikuwa meusi kama makaa wakati mengine yaling'aa kama siku yaliyofungwa. Hakuigusa mota tena. Alikwenda ukutani kwenye kisanduku cha kuwashia, akakifungua, akakuta ncha moja ya kontakta, ile swichi inayoipelekea mota umeme, imelika mpaka haikutani na mwenzake vizuri. Fezi moja, yaani mmoja kati ya mikondo mitatu ya umeme inayoiendesha mota, ilikuwa inapotea kinu kikiwa kazini, mota inaendelea kuzunguka kwa fezi mbili huku ikivuta umeme kupita kiasi mpaka inaungua, na relei ambayo ingeizima mapema mtu alikuwa ameizungusha hadi mwisho ili "isisumbue". Kontakta mpya na kurekebisha relei viligharimu sehemu ndogo tu ya kusuka mota. Mwenye kinu alikuwa amelipa mara mbili kutibu homa bila kumtafuta mbu.

Sisemi kwamba kila mwenye stashahada angeliona lile, wala kwamba mzee asingeweza kufundishwa kuliona kwa dakika kumi. Nasema kwamba mwenye kinu alibaki na namba ya simu ya yule kijana, naye sasa ndiye anayeitwa kwanza, kwa bei yake mwenyewe.

Mfano huo unanipeleka kwenye shauri langu kuhusu aina ya umeme anaopaswa kusoma. Watu wakisikia fundi umeme huwaza nyaya za nyumba, soketi na swichi. Kazi hiyo ipo, na mradi mkubwa wa kupanua upatikanaji wa umeme unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulioidhinishwa 2022, unaongeza wateja wapya vijijini. Lakini nyumba ndogo ya chumba kimoja au viwili mara nyingi huwekewa kibao kilichofungwa tayari, chenye swichi, soketi na breka zake, ambacho hakihitaji fundi kuzungusha nyaya ukutani. Bwawa la Karuma lenye megawati 600 lilizinduliwa Septemba 2024, na umeme huo unakwenda zaidi penye mashine. Mashine huharibika. Vinu, pampu za maji, majokofu ya maziwa kule magharibi, vikaushio vya kahawa, jenereta za hospitali, inveta na betri za sola: mtu anayeweza kuvitengeneza hivi hakosi kazi, na Yaka, ile mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, ya nyumbani kwake haiishi umeme kwa kukosa fedha. Kijana akiingia chuoni, asikubali kumaliza miaka miwili bila kujua kusoma mchoro wa kisanduku cha mota na kutumia multimeta, kile kifaa cha kupimia umeme, kwa kujiamini, hata kama mwalimu hana muda. Akawatafute waliobaki karakana jioni.

Sasa shamba. Usiliuze, angalau usiliuze leo. Nimesema gharama inaweza kurudi kwa miaka minne, na nimesema pia inaweza kuchukua 14. Mali isiyorudi haifai kuwekwa rehani kwa jambo lenye mapana kama hayo. Likodishe kwa misimu minne kwa mkataba ulioandikwa mbele ya mwenyekiti wa baraza la kijiji, LC1, fedha hizo zilipe sehemu ya ada. Mwambie kijana aombe kwanza nafasi za udhamini wa serikali katika vyuo vya ufundi vya umma; kile cha Elgon kiko Mbale, si mbali nanyi, na vingine viko Lira, Kichwamba, Bushenyi na Kyema. Aulize pia Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2014, kama inapokea waombaji wa stashahada mwaka huu. Na kila likizo arudi kwa baba yake mdogo, si kama mgeni bali kama msaidizi wa 10,000 kwa siku, kwa kuwa ERA inapopokea ombi la kibali huangalia elimu na uzoefu wa mwombaji, na uzoefu wenyewe ndio huo.

Ikiwa fedha hazitoshi hata hivyo, aanze kwa shemeji mwaka mmoja, aweke akiba, kisha aingie chuoni akiwa tayari ameshika waya. Wanafunzi wa namna hiyo huwa wanawasumbua walimu kwa maswali, na ndio wanaotoka na kitu.

Bado nina neno kwa shemeji mwenyewe. Si lazima aingie darasani na vijana wa umri wa mwanawe. Nchi hii imekuwa na utaratibu wa kupima ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti, kazi iliyokuwa ya Idara ya Mafunzo ya Viwandani, DIT, na ambayo sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2025 imeileta chini ya bodi mpya ya UVTAB. Akapimwe, kisha apeleke cheti hicho ERA na kuuliza kinamfaa kwa daraja gani la kibali. Mtu anayelipa 1,200,000 kwa mwaka kwa saini ya mwenzake ana sababu ya kutosha ya kupanda basi hadi Kampala mara moja. Na kwa kuwa mnaishi mpakani, mkumbushe kwamba kibali cha ERA hakivuki ng'ambo. Kenya wana mamlaka yao, EPRA, na leseni zao.

SWALI: Ninaandika kutoka Entebbe. Kaka yangu anaishi Waltham, Massachusetts, huko Marekani, na kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani. Anataka kupunguza saa za kazi ili asome miaka miwili katika chuo cha jamii, apate shahada ndogo ya matengenezo ya umeme. Ameomba familia imvumilie asitume fedha kwa miaka hiyo miwili. Baba amekasirika. Je, masomo hayo yana faida kweli, au ni njia ya kutukimbia? — Dada Mtu

JIBU: Dada, mwombe baba apoze moyo kwanza, kwa sababu kaka yako amechagua fani inayolipa vizuri huko aliko. Takwimu za idara ya kazi ya Marekani za Mei 2024 zinaonyesha kwamba mapato ya katikati ya mafundi umeme ni dola 62,350 kwa mwaka. Nusu yao hupata zaidi ya hapo na nusu hupata chini. Tafadhali msizibadilishe dola hizo kuwa shilingi na kuanza kuchora ramani ya nyumba, kwa maana kodi ya chumba karibu na Boston huila fedha hiyo kabla haijafika benki.

Ada nayo huenda isiwe tatizo. Kwa wastani wa nchi nzima, chuo cha jamii kilimtoza mkazi wa eneo lake dola 4,050 hivi kwa mwaka wa masomo wa 2024–25, na jimbo la Massachusetts tangu 2024 limeondoa ada ya vyuo hivyo kwa wakazi wake wasio na shahada ya kwanza, wakitimiza masharti. Kama kaka yako yuko huko kwa viza ya mwanafunzi, hali ni tofauti kabisa, na atatozwa kiwango cha mgeni ambacho ni kikubwa mara kadhaa. Hilo aliseme wazi kwenu.

Swali ambalo ningemwuliza mimi ni jingine. Massachusetts haimpi mtu leseni ya fundi umeme kamili kwa sababu ana shahada. Inamtaka awe amefanya kazi saa 8,000 chini ya fundi mwenye leseni, kwa muda usiopungua miaka minne, na awe amesoma saa 600 darasani. Maana yake ni kwamba kijana anayeingia uanagenzi hulipwa mshahara tangu siku ya kwanza na kusoma jioni, wakati anayeanza na chuo huenda akakaa miaka miwili bila saa za kuhesabiwa upande wa kazi. Kaka yako akaulize chuoni, na apewe jibu la maandishi, kama masomo yake yatahesabiwa katika zile saa 600. Wakisema ndiyo, apunguze saa za wazee, asome usiku, na mchana atafute kampuni itakayomwandikisha kuwa mwanagenzi. Wakisema hapana, shahada hiyo itamfaa zaidi kwa kazi za kutengeneza mashine za viwandani na hospitalini, ambako mara nyingi mwajiri huangalia ujuzi kuliko leseni ya kufunga nyumba, na hiyo pia ni kazi ya heshima, ila ajue tangu mwanzo kwamba ndiyo anayoisomea.

Kuhusu kutuma fedha, nisingemfungia mlango. Akiingia uanagenzi hatahitaji kunyamaza miaka miwili. Anaweza kutuma nusu. Mpeni pendekezo hilo, na baba aliseme yeye mwenyewe kwa simu.

SWALI: Nasomea umeme katika taasisi ya binafsi Kasese, huu ni mwaka wa pili. Kila tukiuliza habari za mtihani wa taifa tunaambiwa tutasajiliwa mwakani. Nimeshalipa karibu ada yote. Je, niendelee? — Mwanafunzi, Kasese

JIBU: Mwanangu, usilipe shilingi nyingine kabla hujapata majibu ya mambo mawili. Nenda ofisi ya elimu ya wilaya uulize kama taasisi hiyo imesajiliwa na Wizara ya Elimu na Michezo, kisha mtake mkuu wa taasisi akuonyeshe namba ya kituo cha mtihani aliyopewa na bodi ya mitihani ya ufundi, zamani UBTEB na sasa UVTAB. Kituo chenye namba humpa mwanafunzi namba yake ya mtahiniwa. Wewe ukiwa mwaka wa pili bila namba hiyo, basi kwa bodi hujulikani, na mbele ya ERA miaka yako miwili itakuwa kama haikuwapo, hata kama unajua kazi kuliko mwalimu.

Ukikuta hakuna usajili, ujuzi ulioupata bado ni wako. Uliza kituo kilichosajiliwa kama kitakuingiza kwenye upimaji wa moduli, yaani wa sehemu moja moja ya kozi, ili usirudie kila kitu kutoka mwanzo. Ada uidai kwa barua, pamoja na wenzako, na nakala muipeleke ofisi hiyohiyo ya wilaya. Risiti zote uzitunze, hata zile walizokuandikia kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari.